Mikunjo ya Mdalasini

Kitu cha kwanza alichokiona Kija asubuhi ile ni kwamba mdalasini ulikuwa umepungua.

Ulikaa kwenye chupa ya kioo iliyokuwa zamani ya kahawa, juu ya rafu ya jikoni, kati ya iliki na chumvi. Alhamisi, walipomaliza kuoka, unga wake wa kahawia ulifika shingoni mwa chupa. Kija alikumbuka vizuri kwa sababu yeye ndiye aliyeusaga na yeye ndiye aliyeufunika. Leo Jumamosi ulikuwa umeshuka vidole viwili, na tangu Alhamisi hakuna aliyewasha jiko la kuokea mikunjo katika nyumba hii.

Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akairudisha mahali pake. Kija hakuwa mtu wa kusema vitu. Alikuwa mtu wa kuviona, kisha kuviweka moyoni kama mtu anayeweka kuni za akiba asijue ataziwasha lini.

"Siku hizi unaongea na chupa?"

Sauti ilitoka mlango wa nyuma. Hakuhitaji kugeuka. Harufu ya petroli iliyochanganyika na limau ilikuwa imeshamfikia kabla ya maneno. Haruni, mtoto pekee wa mwenye nyumba, alikuwa fundi wa injini za boti pale ufukweni Butimba, na kila asubuhi alisugua mikono kwa limau na sabuni mpaka ngozi ikapauka, na bado petroli ilibaki kwenye kucha. Kija alikuwa ameanza kuipenda harufu hiyo, jambo ambalo asingemwambia hata padri.

"Naitazama tu," alisema.

"Basi yenyewe ina bahati. Mimi nimesimama hapa dakika nzima sijatazamwa."

Kija akainama akacheka kwenye ncha ya kanga yake. "Mama yako yuko uani, anaanua nguo."

"Najua aliko. Ndiyo maana nimepita mlango huu." Haruni aliegemea kizingiti, uso wake ukaacha mzaha. "Leo namwambia."

Kijiko kilichokuwa mkononi mwa Kija kiligonga meza. "Si leo."

"Ulisema hivyo Pasaka. Ukasema hivyo Idi. Sikukuu za dini zote mbili zimepita, Kija. Sasa tunangoja nini, Nane Nane?"

"Mama yako mdogo anakuja leo."

"Vizuri. Nitasema mara moja, wasikie wote wawili."

Alisogea hatua moja ndani, akasimama, kwa sababu alijua mipaka ya jiko la mama yake. Macho yao yakakutana juu ya bakuli la unga, yakakaa hapo. Kija ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyatoa ya kwake, kama kawaida.

"Na jambo lingine," Haruni alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka wa pili huu uko hapa, hujawahi kuniita kwa jina. Ni 'wewe', ni 'kaka'. Juzi uliniita kula kwa kugonga sufuria. Mimi sina jina?"

"Unalo."

"Ni nani?"

Kija akageukia unga wake, na Haruni akatikisa kichwa akitabasamu, akashuka ngazi za nyuma kwenda kumsaidia mama yake kubeba beseni la nguo.

Jina lake lilikuwa na ile herufi. Huko kwao Kija, ndani ndani ya Misungwi, ulimi haukuwa umeizoea, na kila ilipotakiwa ilikuja jirani yake badala yake. Wiki ya kwanza alipoletwa Butimba na shangazi yake Wilhelmina, akae kwake na kuja kusaidia kazi ya kuoka, alisema mbele ya wageni, "Haluni anaulizwa mlangoni." Fadhila, mdogo wake mwenye nyumba, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. "Haluni! Utadhani dawa ya kikohozi." Wote walicheka kidogo, wakasahau. Kija hakusahau. Tangu siku hiyo alichagua maneno yake kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, na jina lile alilisema moyoni tu, mahali ambapo hakuna wa kulisahihisha.

Mwenye nyumba aliingia na beseni tupu chini ya kwapa. Mwalimu Mwanabaraka alikuwa mwembamba, mnyoofu, mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma. Alisomea ualimu katika chuo kilichokuwa hapo hapo Butimba, akafundisha Kiswahili miaka thelathini na moja, akastaafu. Lakini ualimu haukustaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeleta zile za kwenu?"

"Nimeleta. Shangazi amezikaanga jana."

"Amekaanga nini? Zina jina."

"Kalanga."

"Ka-ra-nga. Ulimi juu, uache utetemeke."

"Ka... langa."

"Tutafika," alisema Mwalimu, bila ukali, akafunga kitambaa kichwani. "Haya, tuanze. Fadhila atakuwa hapa kabla ya adhuhuri, na bado hatujasukuma hata chapati moja."

Mikunjo ile ilikuwa ya bibi yake Mwalimu, mwanamke wa Tabora aliyekuja ziwani na mumewe Mwarabu na kijiti kirefu cha kusukumia unga. Unga wa ngano, chumvi kidogo, mafuta, maji ya vuguvugu. Ulikandwa, ukafunikwa kwa kitambaa kibichi, ukapumzishwa. Kisha ulisukumwa ukawa mwembamba mpaka maua ya kitambaa cha meza yakaonekana kupitia unga. Hapo ndipo ulipopakwa samli, ukanyunyiziwa karanga na korosho zilizotwangwa nusu nusu, sukari kidogo, iliki chembe, na mdalasini. Ukakunjwa, ukakunjwa tena, ukakatwa mshazari. Ukawekwa kwenye sufuria pana, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na asali iliyochemshwa na ganda la limau ikangoja pembeni.

Watu wa Mkuyuni walikuja mpaka Butimba kuifuata. Walisema siri ni samli. Kija alijua siri ni mdalasini.

"Punguza sukari," alisema Mwalimu. "Mdalasini unaudanganya ulimi. Ukiutia wa kutosha, mtu anadhani kitu ni kitamu kuliko kilivyo."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tena ni kitu cha neema. Unapasha mwili joto, unatuliza tumbo lililojaa gesi. Bibi alitupa kwenye uji tukishikwa na mafua." Alikuwa akisema huku anafungua chupa ile. Alichota kijiko kikubwa, kijiko cha kulia wali, akakiporomosha kwenye kikombe cha maji ya moto, akakoroga. "Na sukari ya mwilini unaishusha."

Alikunywa akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika meza. Alikunja uso kwa ukali wa kile kinywaji, akamaliza.

Vidole viwili vya chupa vikapata jibu lake.

Kija alisugua unga kutoka kwenye vidole vyake. Kila mtu mle ndani alijua Mwalimu ana kisukari. Vidonge vyake vyeupe vilikaa kila siku kwenye kisahani karibu na birika. Sasa alipotazama, aliona kisahani kimegeuzwa kimefunika kopo la chumvi.

"Na vidonge vyako, Mwalimu?" aliuliza, sauti ikitoka nyembamba kama uzi.

"Vimepumzika. Wiki ya pili hii."

"Vimepumzika?"

"Nesi mwenyewe kaandika, si maneno yangu." Mwalimu alichomoa daftari lake la kliniki kwenye rafu, akalipiga piga kwa kiganja. "Nilimwuliza kama mdalasini unafaa. Akaniandikia, nisome mwenyewe nyumbani. Ninywe chai ya mdalasini badala ya dawa. Nikasema alhamdulillahi, vile vidonge vilikuwa vinanichafua tumbo. Na mwili naona umechangamka."

Kija alikuwa ameona vingine. Aliona mtungi wa maji ya kunywa ukijazwa mara tatu toka jana. Aliona Mwalimu akikaa kwenye kigoda kusukuma unga, yeye aliyekuwa akiwaambia wasichana kwamba unga husukumwa kwa kusimama. Na aliona kwamba jana alimwita jirani kwa jina la mwingine, mpaka jirani alipokaribia. Miwani ilikuwa kabatini. Mwalimu aliivaa kwa kusomea msahafu tu. Kwa mambo mengine alisema macho yake yanamtosha.

"Ngoja nikaoge," alisema Mwalimu. "Panga makaa. Usizidishe ya chini."

Akaliacha daftari mezani.

Kija alipanga makaa. Aliweka sufuria, akafunika, akatandaza makaa mengine juu kwa koleo. Akafuta meza. Akalizunguka daftari kwa kitambaa, kulia, kushoto, kama mtu anayefagia kuzunguka kuku aliyelala. Maji ya kuoga yalisikika yakimwagika kule uani.

Akalifungua.

Kija alisoma kwa kidole. Hakujua njia nyingine. Aliishia darasa la tano, na tangu hapo alisoma vitu vichache tu: majina kwenye magunia, mabango, mistari ya Biblia ya shangazi. Aliweka kidole chini ya kila silabi, akaisukuma mbele kama anasukuma ng'ombe mvivu. Mwandiko wa nesi ulikuwa wa haraka, lakini ulisomeka.

Cha-i. Ya. M-da-la-si-ni. Ki-do-go. Bi-la. Su-ka-ri.

Ba. A. Da.

Kidole kilisimama. Alitafuta 'la'. Aliitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Hakukuwa na 'la'. Ilikuwa ba, ikawa a, ikawa da, kisha nafasi tupu, kisha 'ya dawa'. Akarudi mwanzo wa mstari akasoma upya. Akasoma mara ya tatu akitumia kidole cha mkono mwingine, kama vile kile cha kwanza kingeweza kuwa mwongo.

Baada ya dawa.

Alifunga daftari. Yeye, wa darasa la tano, asiyeweza kutaja karanga, amwambie mwalimu wa Kiswahili wa miaka thelathini na moja kwamba hakusoma vizuri neno la Kiswahili? Na leo, kati ya siku zote? Leo ambayo Haruni ameapa kusema?

Geti likalia. Fadhila alikuwa amefika.

Haruni alikuwa mtu wa neno lake. Kija alisikia yote kupitia pazia la jikoni, akiwa amechuchumaa kando ya jiko. Alisikia salamu, na Fadhila akisifu harufu, na viti vikivutwa. Kisha sauti ya Haruni, imara, isiyo na mapambo: anataka kuoa, na anayemtaka yuko humu humu ndani.

Fadhila ndiye aliyejibu kwanza.

"Yule wa mikunjo?"

"Ana jina, mama mdogo. Kija."

"Mimi nimekuja hapa na habari ya binti wa Mkuyuni, ana diploma ya maabara, mpole, anaswali. Dada, umemsikia mwanao?"

"Nimesikia," alisema Mwalimu. "Haruni, keti. Simchukii Kija. Ana adabu, ana mikono. Mambo ya dini wazee watakaa wayazungumze, hamtakuwa wa kwanza katika mji huu. Mimi nauliza shule."

"Mama, natafuta mke, sitafuti mwalimu mkuu."

"Mke ndiye mwalimu mkuu, mwanangu. Nyumba ni shule. Darasa la tano, Haruni. Nimesimama mbele ya ubao maisha yangu yote, halafu mjukuu wangu alelewe na darasa la tano? Kesho mtoto anaugua, wewe uko ziwani na injini zako, nani atasoma maandishi ya dawa?"

Kule jikoni Kija aliziba mdomo kwa mkono.

"Atasoma yeye," alisema Haruni. "Anasoma."

"Anasoma kama konokono anavyopanda ukuta," alisema Fadhila. "Nimemwona na kile kidole chake."

"Hata konokono anafika, mama mdogo."

"Msigombane nyumbani kwangu." Sauti ya Mwalimu ilikuwa imechoka ghafla. Kiti kililia. "Kichwa kinanizunguka. Kija! Niletee maji ya moto na mdalasini wangu. Kijiko kijae."

Kija alisimama.

Birika lilikuwa tayari. Alimimina maji kwenye kikombe. Mkono ulikwenda kwenye chupa, ukaishika, na hapo akakumbuka bakuli jingine, la udongo, lenye maji ya mizizi, na mkono mdogo uliolibeba bila kumwaga hata tone. Akaiacha chupa. Akachukua daftari.

Sebuleni jozi tatu za macho zilimgeukia: ya Fadhila yenye wanja, ya Haruni yenye wasiwasi, na ya Mwalimu yaliyokuwa yakitafuta kikombe kiko wapi hasa.

"Haya maji matupu," alisema Mwalimu alipokishika. "Mdalasini uko wapi?"

"Nimeuacha jikoni."

"Kwa nini?"

Kija alitazama sakafu. Kulikuwa na ufa kwenye saruji, umepinda kama mto. Aliuona kila alipofagia. Hakujua ni mara ngapi alikuwa ameutazama ufa huo badala ya kusema jambo.

"Mwalimu, naomba unisamehe. Nimesoma alichoandika nesi."

"Umefungua daftari la dada?" Fadhila aliinuka nusu. "Haya, mambo hayo. Hajaolewa ameshaanza kupekua. Wee binti, sikio halipiti kichwa."

"Mama mdogo, mwache aseme," alisema Haruni.

"Aseme nini, amsomeshe mwalimu?"

Mwalimu Mwanabaraka aliinua kiganja. Wote wakanyamaza, kama darasa. "Soma," alimwambia Kija.

Alitaka kukimbia. Badala yake aliweka daftari juu ya meza ndogo, akapiga magoti, akaweka kidole. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu darasa la tano.

"Chai ya mdalasini. Kidogo. Bila sukali."

Mdomo wa Fadhila ulianza kucheka.

"Ba. A. Da. Ya dawa." Kija aliinua uso. "Baada, Mwalimu. Badala ina 'la'. Hii haina 'la'."

Kicheko cha Fadhila hakikufika mwisho.

"Haruni," alisema Mwalimu taratibu. "Miwani yangu. Kabatini, juu ya msahafu."

Ililetwa. Mwalimu aliivaa, akalisogeza daftari dirishani. Alisoma mstari ule kwa muda mrefu kuliko mstari unavyohitaji. Nje, kule ziwani, boti moja ilijaribu kuwaka, ikakohoa, ikazimika.

"Baada," alisema hatimaye.

"Labda nesi alikosea, dada," alisema Fadhila.

"Nesi hakukosea. Vidonge vilinichosha, nikasoma nilichokitaka." Alivua miwani, akaiweka mapajani. "Miaka thelathini na moja, Fadhila, nimegonga watoto vidole kwa rula. 'Soma kwa macho, usisome kwa kidole.' Kumbe mwenye kidole haruki neno."

"Nami nilisema sikio halipiti kichwa," Fadhila alinong'ona.

"Halipiti. Lakini ndilo linalosikia." Mwalimu alijaribu kusimama, magoti yakakataa, na Haruni akamdaka kabla hajarudi kitini. "Sijafa, usinishike hivyo. Tafuta bajaji, twende zahanati. Na wewe Fadhila chukua mkoba wangu."

Mlangoni Haruni aligeuka akamtazama Kija. Kija aliuona mtazamo ule, akauweka mahali alipoweka vitu vyote, na huo haukuwa wa akiba. Huo uliwaka palepale.

Kisha alisikia harufu, akakimbilia jikoni.

Mikunjo ilikuwa imeungua chini. Sehemu ya juu ilikuwa nzuri, rangi ya mchanga wa ufukweni, lakini tabaka la mwisho lilikuwa jeusi. Kija hakulia. Alikaa chini na kisu, akakwangua mmoja mmoja, akiacha kilicho kizuri, akamwagia asali. Ikachirizika, ikalia tsss, ikanywea ndani. Kisha akafagia. Akafua vitambaa. Akakigeuza kile kisahani, akakiweka karibu na birika, kitupu, kikingoja. Aliomba kwa maneno ya bibi yake, ya Kisukuma, ambayo hayana ile herufi hata moja.

Bajaji ilirudi saa tisa. Fadhila hakushuka. Alisema ana haraka, akapunga mkono. Haruni alimfikisha mama yake sebuleni, akapigiwa simu kwamba kuna mtu wa visiwani anayengoja injini yake, akashuka ufukweni mbio.

Mwalimu aliingia jikoni mwenyewe, akaketi kwenye kigoda. Alikuwa na miwani usoni.

"Nimegombezwa," alisema. "Na binti mdogo kama wewe, mwenye koti jeupe. Sukari ilikuwa juu sana. Kanianzishia vidonge upya palepale, na Jumatatu asubuhi narudi kupimwa. Kaniambia, mama, mdalasini ni kiungo. Unafanya chai ya mgonjwa wa sukari inyweke, unasaidia kidogo, lakini hauwezi kubeba kazi ya dawa. Na vile vijiko vya wali nilivyokuwa nakunywa kaniambia niviache, vinaumiza ini, nalo lina haki yake. Chembe kwenye chai inatosha."

Alivitoa vidonge kwenye mkoba, akaviweka kwenye kile kisahani. Aliona kimegeuzwa, akakitazama tena.

"Hii imeungua," aliongeza, akionyesha mikunjo.

"Nisamehe, Mwalimu. Nilikuwa huko sebuleni."

"Najua ulikokuwa." Alivunja kona moja, ndogo kama ukucha, akaitafuna akifikiri. "Kija, mbona hukunyamaza? Ulijua tunazungumza habari zako. Ungenyamaza leo, ungebaki salama."

Kija alikuwa akikunja kitambaa. Alikikunja mara mbili, mara nne, kikawa kidogo kisichokunjika tena.

"Mama yangu alikunywa mizizi," alisema. "Mtu alimwambia aache dawa za hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea bakuli. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa naona anakonda. Niliona kabla ya baba, kabla ya wote. Sikusema. Niliogopa kuwasahihisha wakubwa. Nilikuwa la tano. Baada ya mazishi nilibaki nyumbani na wadogo zangu."

Makaa yalijiangusha jikoni. Mwalimu alinyoosha mkono, akakichukua kile kitambaa kilichokunjwa, akakikunjua taratibu juu ya magoti yake.

"Jumatatu, saa kumi, nikishatoka zahanati," alisema. "Uje na daftari."

"Daftali la nini?"

"La kuandikia, la nini jingine? Kuna mitihani ya watu wazima. Nimewafaulisha watoto wa kila aina, hata wale waliokula chaki." Aliinua kidole. "Sikiliza. Sijasema ndiyo. Dini bado, wazee bado, shangazi yako bado, na Fadhila ndiye bado kabisa. Nimesema daftari."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sasa nipe mkono. Nesi kasema nitembee. Na yule mtu hajala tangu asubuhi. Mfungie mikunjo yake."

Walishuka polepole kuelekea ziwani, njia ya mawe makubwa, Mwalimu akiwa ameshika kiwiko cha Kija. Upepo ulitoka majini, baridi, ukiwa na harufu ya dagaa walioanikwa. Chini, hatua sitini hivi, Haruni alikuwa ndani ya boti, mgongo kwao, akiinamia injini. Mwenye boti alikuwa ameshaisukuma majini. Palikuwa na wanaume wawili wameketi kwenye mwamba wakishona nyavu, na kina mama waliokuwa wakigeuza dagaa.

"Anaondoka kuijaribu," alisema Mwalimu. "Mwite kabla hajaiwasha."

Kija alitazama kushoto na kulia. Hapakuwa na sufuria ya kugonga.

"Nimwiteje?"

"Kwa jina lake. Hana jina?"

Haruni alishika kamba ya injini. Kija alisimama juu ya jiwe na mikunjo mikononi, mdalasini ukipenya karatasi. Alitafuta neno lingine lisilo na ile herufi. Lugha nzima ilikuwa tupu. Likabaki moja.

"Haluni!"

Lilipita juu ya maji kubwa kuliko alivyodhani. Wanaume wa nyavu wakageuka. Kina mama wa dagaa wakageuka. Kule botini mkono uliacha kamba, ukabaki hewani, lakini yeye hakugeuka bado, kama mtu aliyesikia kitu ambacho hawezi kukiamini kwa mara moja.

Kija alifumba macho akingoja. Ha-ru-ni. Ulimi juu, uache utetemeke.

Hakukuja kitu. Alipofumbua, Mwalimu Mwanabaraka alikuwa akirekebisha miwani yake, anatazama ziwa kana kwamba analikagua.

"Hajasikia vizuri," alisema. "Mwite tena. Hivyo hivyo."

Kija akavuta pumzi, akaliachia lote, na l yake, mbele ya ziwa na watu.

"Haluni!"